Kiangazi Chao, Baridi Yetu

Marek alikuja Kenya mwaka jana, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaisikia sauti yake. Tulikuwa tumejuana tangu nilipokuwa mwanafunzi, lakini kujuana kwa maandishi tu, yeye katika mji wake wa baridi huko Ulaya na mimi huku. Nilimpeleka Kitengela kula nyama, kando ya barabara ya Namanga, mahali palipokuwa malisho siku zile na sasa ni maghorofa kila upande. Alikuwa mzee mnene kiasi, mwenye kofia pana na goti bovu, akiushika ubavu wa mbuzi kwa mikono miwili kama mtu anayeguguna hindi la kuchoma. Alipomaliza akafuta vidole, akaniangalia, akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba kwa miaka yote hiyo. "Nyambura, ile wiki uliponyamaza, ulikuwa wapi? Nilikuwa tayari kuwaandikia wenzangu kwamba umetutoroka." Nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba kwake yeye mwaka ule wote ulikuwa maandishi kwenye kioo cha kompyuta. Hakujua kulikuwa na chumba chenye harufu ya ubani, wala mikebe ya maziwa juu ya mapaa, wala nyanya mmoja wa Kisomali ambaye habari zake za asubuhi ziliniokoa. Nilimsimulia mpaka chai ikapoa. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na machache ambayo niliona haya kuyasema mbele ya mgeni.

Ulikuwa mwaka wa 2006. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nikisomea kompyuta, na migomo ilinirudisha nyumbani Kitengela mara nyingi kuliko ratiba ilivyotaka. Kebo ya baharini ilikuwa bado haijafika Mombasa. Intaneti yetu ilikuja kwa setilaiti, ikijikokota, na makao yake yalikuwa nyuma ya duka la Mama Hodan. Mbele aliuza mchele, sukari, mikeka na vitambaa. Ukipita pazia la kijani uliingia chumba kisicho na dirisha, kompyuta zimepangwa zikitazama ukuta kama watoto waliopewa adhabu, na juu ya kabati kitezo kidogo cha ubani ambacho mwenyewe alisema ni cha kufukuza harufu ya vijana. Mama Hodan alikuwa mwanamke wa makamo kutoka upande wa Garissa, mrefu, mwenye sauti inayoweza kuamuru lori lirudi nyuma na likarudi. Mashine zikigoma nilimtengenezea, na asubuhi kukiwa hakuna wateja aliniacha nikae nitakavyo. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hivyo nilisikia kila kitu cha dukani: makanga wa matatu wakibadilishiwa noti, mafundi wa ujenzi wakieleza ni nyumba ya nani inayopanda, na siku moja mzee wa Kimasai akibishana kwa muda mrefu kama nyekundu ya shuka ile ilikuwa nyekundu kweli au ilikuwa inajaribu tu. Mpaka leo nikitaka kufikiri vizuri natafuta mahali ambapo kuna watu wanaongea mambo yasiyonihusu.

Aliyeliona tangazo alikuwa Lemayian, tuliyesoma naye darasa moja, kijana mfupi wa Kajiado mwenye miwani na tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza hadithi yake. Alivuta kiti akanionyesha. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa likitafuta wanafunzi wa kuandika programu huria wakati wa kiangazi. Mwanafunzi angechagua mradi, aandike pendekezo, na akikubaliwa angepewa mtu wa kumwongoza na posho ya kujikimu. Kiangazi chao kilianza karibu na mwezi wa sita, wakati ambao sisi tunavaa sweta mbili na upepo wa Kajiado unapasua watu midomo. Tulilicheka sana neno hilo. Mama Hodan alikuwa amesimama nyuma yetu na glasi yake ya chai.

"Hiyo programu huria ni nini?" akauliza.

"Ni programu inapeanwa bure, Mama," nikamwambia. "Na vile imeandikwa inaachwa wazi. Mtu yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha."

"Bure kabisa?"

"Bure."

"Na wewe mwenye kuandika unakula nini?"

"Hiyo miezi watanisaidia."

"Na baadaye?"

Lemayian akaniokoa. "Baadaye watu wengi watakuwa wanajua jina lake."

Mama Hodan alikunywa chai kidogo, akafikiri. "Kuna watu wanaomba Mungu wasijulikane," akasema, na akarudi dukani kwake. Lakini asubuhi iliyofuata niliikuta kompyuta ya pembeni, ile nzuri kuliko zote, imefunikwa kitambaa, na wateja wameambiwa ni mbovu.

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa na aibu ya ujana. Niliandika kwamba ningeunganisha vijiji vyote vya Afrika. Lemayian alisoma akavua miwani. "Vijiji vyote? Wewe umekaa kijiji kipi?" Nilikasirika, nikaenda nje kusimama juani, kisha nikarudi nikamuuliza basi niandike nini. Akasema andika kitu umeona na macho. Kitu nilichokuwa nimekiona na macho kilikuwa kisanduku kimoja cha intaneti karibu na mlango wa Mama Hodan. Kompyuta zote za chumba kile zilitoka nje kupitia hicho, na mtu akijikwaa kwenye waya wake, chumba kizima kilikuwa kipofu. Nikaanza kuandika juu ya hicho. Nikauliza, je, kama visanduku vingekuwa vingi, kila kimoja kikiwajua majirani zake, na njia moja ikikatika vitafute nyingine vyenyewe, bila mtu kuja na ngazi na bisibisi? Kulikuwa na mradi wa watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wakiandika programu ya namna hiyo, na sehemu ya kutafuta njia mpya ilikuwa haijaandikwa. Niliomba niiandike mimi. Mwongozaji wa mradi huo alikuwa Marek. Alinijibu kwa maswali mafupi, la mwisho likiwa, utaijaribu wapi? "Andika Kajiado," Lemayian akasema. "Kwetu kuna mlima na miti ni mifupi. Mawimbi ya redio yatapita tu, bila waya." Nikaandika Kajiado.

Siku jibu lilipokuja, ukurasa ulifunguka polepole kutoka juu, mstari baada ya mstari, na niliona jina langu kabla sijaona kilichosemwa juu yake. Ulipofika kwenye neno la kukubaliwa nilisimama ghafla kiti kikaanguka, na Mama Hodan akaingia na ufagio akidhani ni nyoka. Nilitoka nje nikatembea tu. Nilivuka lami, nikapita nyumba za mwisho, nikafika mahali ambapo nyumbu walikuwa wakila majani kama ng'ombe wa mtu, nikasimama hapo nikihema. Kuna furaha zingine nimezipata tangu siku hiyo, za ndoa, za watoto, za kazi. Zote zilikuja zimechanganyika na woga kidogo. Hii ilikuja peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na mtu ambaye hajawahi kuniona alikuwa amesoma fikra yangu akasema, ijenge.

Kesho yake woga ukafika. Mwaka wa tatu lazima mwanafunzi aende atachimenti, miezi mitatu ya kujifunza katika kampuni, na bila hiyo unarudia mwaka. Baba alikuwa ameniombea nafasi katika kiwanda kimoja Athi River, na kwake yeye hapakuwa na mjadala. "Huko kuna meza," alisema tukiwa mezani, akimega ugali. "Kuna stima. Kuna mtu atakuangalia vile unafanya kazi. Hao wako wa kompyuta wanakaa wapi?" Nilimwambia wanakaa kila mahali. Akatafuna kwa muda. "Mtu anakaa kila mahali ni Mungu peke yake." Mama alimwongezea mboga, na mimi nikajua sitashinda mezani pale. Nilienda chuoni kumwona Daktari Mutiso, mwalimu aliyesimamia atachimenti, mtu wa suti ya kahawia na maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kampuni iko jengo gani?"

"Haina jengo, Daktari."

"Nani atakuwa anakusimamia?"

"Marek. Yuko Ulaya."

"Na muhuri? Nani atapiga muhuri?"

Daktari aliinuka akafungua dirisha, akasimama hapo akitazama wanafunzi waliokuwa wakicheza mpira. Kisha akasema, "Mimi huwa natembelea kila mwanafunzi mahali anafanya kazi. Nitakutembelea na wewe. Nikikuta kitu kinafanya kazi, nakupitisha. Nikikuta hadithi, unarudia mwaka. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Jioni nilimweleza Baba, na alichouliza ni kama huyo Daktari ni mtu wa kutimiza neno. Nikasema ndiyo. "Basi na wewe utimize lako," akasema, na kesho yake akaenda mwenyewe kuwaambia watu wa kiwanda kwamba sitakuja. Sikulala vizuri wiki ile, lakini haikuwa huzuni. Ilikuwa kama kukaa nyuma ya lori la kanta linaloshuka mteremko.

Mama Hodan ndiye aliyenipatia pa kukaa Kajiado. Mama yake aliishi huko, nyuma ya duka la familia, na nyumba nzima, wakiwamo majirani, walimwita Ayeeyo, yaani nyanya. Nilifika na begi na laptopu ya kuazima ya Lemayian. Nilipewa kitanda katika chumba cha magunia ya mchele, na nililala miezi hiyo yote nikinusa mchele. Asubuhi tulikula anjera, chapati laini za Kisomali, za moto zilizopakwa mafuta ya simsim na kunyunyiziwa sukari, chai yake ikiwa na iliki nyingi kuficha uchumvichumvi wa maji ya Kajiado. Mchana ulikuwa wali na mbuzi, na ndizi mbivu juu yake. Siku ya kwanza niliiweka ndizi kando nikingoja kuila mwisho kama tunda. Ayeeyo akaichukua, akaimenya, akaikatakata mwenyewe ndani ya wali wangu. "Huku inaliwa hivi," akasema. Hakuniuliza kanisa langu wala kabila langu. Aliniuliza kama naogopa paka, maana paka alikuwa analala kwenye magunia.

Kazi ilikuwa nusu ya kichwa na nusu ya mikono. Visanduku vilikuwa vinne. Marek alikuwa amevituma kwa posta, na nilivifungua kitandani nikavipanga kama mayai. Antena tulitengeneza wenyewe, mimi na Lemayian, kutokana na mikebe mikubwa ya maziwa ya unga ambayo Ayeeyo alitupatia baada ya kuhakikisha haina kutu. Kisanduku cha kwanza tulikiweka juu ya paa la duka. Cha pili juu ya tangi la maji la shule ya sekondari ya wasichana nje ya mji, ambako mwalimu wa fizikia, Bwana Kamande, alitupokea kama watu walioleta mvua. Cha tatu katika zahanati chini ya kilima, kwa muuguzi aliyeitwa Nashipae. Cha nne nyumbani kwa kina Lemayian, kwenye mwinuko, juu ya nguzo ya mti, kikitumia betri ya gari. Mama yake Lemayian alitoka kututazama. "Takwenya, yeyo," nilimsalimia kama nilivyofundishwa njiani. "Iko," akaitikia, akacheka matamshi yangu, kisha akaelekeza kidole kwenye mkebe. Lemayian akanitafsiria: "Anauliza kama ni wa kunasa ndege."

Kwanza kila kitu kilifanya kazi, na hilo ndilo lililonidanganya. Nilituma salamu kutoka dukani, zikapitia zahanati zikafika shuleni, Bwana Kamande akajibu, na mimi na Lemayian tukapeana mikono juu ya paa kama wabunge. Kisha nikazima kisanduku cha zahanati kuona kama vingine vitajua. Hapo mambo yakaharibika. Badala ya kukubali kwamba zahanati imezimika, visanduku vilivyobaki vilianza kuambiana kwamba njia ipo. Duka liliiambia nyumba ya kina Lemayian, nyumba ikaiambia shule, shule ikairudishia nyumba, nayo ikaliambia duka. Ujumbe ukawa unazungushwa kama raia anayetafuta kitambulisho, leo ofisi hii, kesho ile, mpaka visanduku vikalemewa na kunyamaza vyote. Nilirekebisha, vikanyamaza tena. Nikarekebisha upya, vikanyamaza haraka zaidi. Na katika wiki hiyo hiyo upepo uliangusha dishi la saiba, chumba pekee cha intaneti nilichokuwa nikikitumia Kajiado, na mwenye saiba akasema fundi anatoka Nairobi, labda kesho, labda Jumatatu. Sikuwa na namna ya kumwandikia Marek bila kurudi Kitengela, na sikutaka kwenda mikono mitupu. Hiyo ndiyo wiki aliyoniuliza. Alidhani nimeacha, kumbe nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mchele na paka ubavuni, nikisoma mistari yangu mwenyewe kama mtu anayesoma barua ya kufiwa.

Asubuhi moja katikati ya wiki hiyo Ayeeyo alipigiwa simu. Adan, mtoto wa dada yake, dereva wa lori la mbuzi, alikuwa amepinduka karibu na Ilbisil. Mwenyewe yuko salama, mbuzi wametawanyika, vijana wanawakusanya. Ayeeyo alimshukuru Mungu, akamwambia habari hiyo jirani yake Sahra aliyekuja kuchukua maziwa, na akaendelea kuchambua mchele. Kabla ya chakula cha mchana akaja mama mwingine, Mama Ifrah, amevaa uso wa msiba. Waliongea Kisomali, na niliona Ayeeyo akiweka ungo chini na kushika kichwa. "Nini, Ayeeyo?" nikamuuliza. "Adan ameanguka tena," akaniambia. "Sasa upande wa Isinya." Nikaona huruma kwa huyo Adan. Baada ya sala ya adhuhuri akaja wa tatu, na huyu alisema lori limepinduka, hakusema wapi, ila alisema mbuzi wamekufa. Ayeeyo alianza kulia kwa sauti ndogo. Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Adan mwenyewe, plasta kwenye paji la uso, akitafuta chakula.

Ayeeyo alimtazama juu mpaka chini. Kwa sababu nilikuwapo walizungumza Kiswahili.

"Wewe umeanguka mara ngapi?"

"Mara moja, Ayeeyo. Asubuhi. Si nilikupigia?"

"Na Isinya?"

"Isinya nilipita tu jana nikinunua maji."

Ayeeyo akamgeukia Mama Ifrah, aliyekuwa bado hajaondoka. "Wewe ulisikia kwa nani?" Mama Ifrah akasema kwa Sahra. Sahra aliitwa kupitia ukuta, akaja na unga mikononi. "Na wewe ulisikia kwa nani?" Sahra akashangaa. "Kwako, Ayeeyo. Asubuhi. Wewe ndiye umeniambia." Kicheko kikalipuka chumba kizima, Ayeeyo akicheka kuliko wote, akijifuta machozi yale yale aliyokuwa akilia. "Nimelia habari yangu mwenyewe," alisema. "Nimeitoa kwa mlango, imeingia kwa dirisha, na mimi nikaikaribisha kama mgeni."

Mimi sikucheka. Vidole vyangu vilikuwa vimesimama juu ya laptopu. Zahanati ilipozimika, duka lilikuwa limejua mara moja. Lakini nyumba ya kina Lemayian, ambayo habari ya zahanati iliisikia kwa duka lenyewe, ilirudi ikasema kwa uhakika, mimi naijua njia, na duka likaamini, kwa sababu halikuwa na namna ya kutambua kwamba hiyo ni habari yake lenyewe, imezeeka na kubadilishwa nguo. Marek alikuwa amewahi kuniandikia sentensi moja juu ya habari kuukuu. Niliisoma kama ushauri mdogo, nikapita. Sasa nikaona kila kitu. Kila habari ya njia ibebe jina la kisanduku inachokihusu, na namba ambayo kisanduku hicho peke yake ndicho kinachoruhusiwa kuiongeza. Ukiletewa habari yenye namba ndogo kuliko uliyo nayo, itupe, hata ikiletwa na rafiki. Nilikimbia kwenda kwa kina Lemayian kwa miguu, vumbi mdomoni, nikamkuta akikama ng'ombe.

"Adan peke yake ndiye awe na ruhusa ya kusema ameanguka mara ya pili," nikamwambia.

Lemayian hakuacha kukama. "Adan ni nani?"

Nikamsimulia. Alianza kucheka kabla sijamaliza, na safari hii mimi pia. "Kwa hivyo kila kisanduku ni Adan," akasema.

"Kila kisanduku ni Adan."

Niliandika siku mbili mfululizo, mchana, mezani kwa Ayeeyo, sahani zikiwekwa na kuondolewa mbele yangu. Nimeandika programu nyingi tangu wakati ule, na nyingine zimelipa ada za watoto, lakini sijawahi tena kuona mistari ikija kwa urahisi ule, kama watu waliokuwa wamepanga foleni nje wakisubiri mlango ufunguliwe. Tulizima zahanati. Duka likakaa kimya kidogo, likauliza majirani, likapata njia ya shuleni kupitia mwinukoni. Tukazima mwinuko pia, na visanduku vilivyobaki vikasema wazi kwamba hakuna njia, na havikuzunguka. Asubuhi iliyofuata nilipanda kanta ya mizigo ya Mama Hodan iliyokuwa ikirudi Kitengela, nikakaa kwenye ile kompyuta ya pembeni. Barua za Marek zilikuwa zimejipanga. Ya kwanza ilikuwa ya adabu, ikinikumbusha kwamba siku ya tathmini inakaribia. Ya pili ilikuwa na wasiwasi. Ya mwisho ilikuwa fupi sana: Achana na programu. Niambie tu kama wewe ni mzima. Niliisoma mara kadhaa. Kisha nikatuma kazi yote na maelezo, nikaongeza kwamba mimi ni mzima kabisa. Sikuwa nimemaliza soda aliyonipa Mama Hodan wakati Marek alipojibu. Ameisoma, inafanya kazi, nani amenifundisha hilo la namba? Nikaandika kwamba ni hadithi ndefu.

Daktari Mutiso alikuja mwezi wa nane, ile suti ya kahawia imejaa vumbi la Kajiado mpaka imekuwa nyeupe. Ayeeyo alimkalisha kwenye mkeka mzuri, akampa chai ya maziwa ya ngamia, na hakumruhusu kuuliza lolote mpaka glasi iishe. Nilimweleza, nikamtumia Bwana Kamande salamu, jibu likaja. Daktari alitoa simu yake akampigia Nashipae wa zahanati, namba aliyokuwa ameiomba kwangu, akamwambia, "Dada, tafadhali chomoa hicho kitu kwa ukuta." Kisha akanigeukia. "Sasa tuma."

Nikatuma. Tukangoja. Nje kulipita mbuzi wengi wakienda sokoni, na nakumbuka nilitamani wapite haraka kana kwamba kelele zao ndizo zingezuia ujumbe. Lemayian alikuwa amesimama mlangoni akitafuna kamba ya sweta. Kioo kikabadilika. Bwana Kamande alikuwa ameandika: Imefika. Leo mmekawia, nini mbaya?

Daktari Mutiso aliusoma mstari huo akiwa ameinama, mikono nyuma. "Imepita wapi?" akauliza. Nikamwonyesha kilima kupitia mlangoni, na juu yake, mbali, mkebe wetu ukimetameta. Akautazama kwa muda mrefu. "Mimi nilifanya shahada yangu ya tatu juu ya mambo kama haya," akasema taratibu, "na sijawahi kuyaona yakifanyika. Nilichora tu." Kisha akaketi, akaomba glasi ya pili ya chai, akatoa kalamu. Alinipitisha, na habari ya muhuri hakuitaja tena.

Mwezi uliofuata mistari yangu iliingizwa kwenye programu ile kubwa, na watu wa nchi nisizozijua wakaanza kuiandika upya, wakiirekebisha, wengine wakinilaumu, ambalo ndilo jambo zuri zaidi linaloweza kuipata kazi ya namna hiyo. Leo nadhani hakuna hata mstari mmoja wangu uliobaki. Visanduku vya Kajiado vilifanya kazi karibu miaka mitatu, mpaka simu zikawa za bei nafuu na watu wakawa hawavihitaji tena.

Lakini kitu ambacho sikumwambia Marek, kwa sababu nilijua nitalia mbele ya sahani za nyama, ni Jumapili moja baada ya Daktari kuondoka. Nilikuwa juu ya paa la duka peke yangu na laptopu, saa sita mchana, nikitazama namba zinazoonyesha ujumbe ukipita. Siku zote namba hizo zilikuwa zangu, au za Lemayian, au za Bwana Kamande akijaribu kunifurahisha. Siku hiyo sikuwa nimetuma kitu. Lemayian alikuwa kanisani. Namba ikasogea. Kutoka zahanati kwenda shuleni. Muda kidogo, kutoka shuleni kwenda zahanati. Kisha tena, na tena, haraka, kama watu wawili wanaokatizana maneno. Ningeweza kufungua nikasoma. Sikufungua. Baadaye nilikuja kusikia kwamba mwanafunzi mmoja alikuwa amelazwa kwa Nashipae na homa, na shule ilikuwa ikiulizia hali yake, lakini saa ile sikujua lolote. Nilishuka ngazi nikamkuta Ayeeyo jikoni akimimina chai.

"Wanaongea," nikamwambia.

"Nani?"

"Zahanati na shule."

"Wanasema nini?"

"Sijui, Ayeeyo. Ni mambo yao."

Alinitazama usoni, akaona nilivyokuwa, akanisogezea kigoda kwa mguu na kunipa glasi ya kwanza, iliyokuwa yake.